Msimu wa Panzi Majike

Panzi dume ana korodani. Naanza na sentensi hiyo kwa makusudi, ili wanaotaka kucheka wacheke sasa, wamalize, kisha tuendelee kama watu wenye adabu. Ziko juu ya utumbo, katika sehemu ya nyuma ya tumbo, na zimeshikamana zikawa kishada kimoja cha rangi ya manjano, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Kwa miaka yote niliyofanya kazi katika kituo chetu kidogo cha utafiti hapa Lodwar, kazi yangu ilikuwa kuzitoa. Nilipoajiriwa yalitumika maneno ya kistaarabu zaidi, lakini maana yake ilikuwa hiyo.

Watu wa sokoni waliniita mama anayehasi panzi. Sikukasirika. Kwetu Waturkana kuhasi ni kazi ya wanaume, na sikumwona mwanamume hata mmoja aliyekuja kuidai.

Nyinyi vijana mnaoingia maabara siku hizi mmeikuta kazi imelainika. Mna kamera juu ya hadubini, mna kompyuta inayohesabu kromosomu nanyi mkijibu ujumbe kwenye simu. Vizuri. Lakini mashine huhesabu kile kilichowekwa chini yake, na anayekiweka bado ni mtu mwenye kidole gumba. Kidole hicho hakiuzwi pamoja na kompyuta. Ndiyo maana nimekubali kuwaandikia, ingawa mwanangu ananishauri nipumzike.

Kromosomu, kwa asiyejua, ni vijiti vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi wote wa kiumbe, tangu urefu wa mguu hadi rangi ya jicho. Kwa kawaida havionekani. Huonekana tu seli inapojigawa, na katika panzi aliyekomaa hakuna mahali ambapo seli hujigawa kwa bidii kama ndani ya korodani. Kila aina ya panzi ina idadi yake na maumbo yake, na ukiyalinganisha unaanza kujua nani ni jamaa ya nani. Watu wa kazi hii tunampenda panzi kwa sababu kromosomu zake ni chache na nene. Mbu ana chache zaidi, lakini jaribu kumpasua mbu ukiwa umeshavuka miaka arobaini.

Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima. Niliingia darasa la gumbaru pale Kalokol Jumatatu, tarehe nane Januari, saa mbili na nusu asubuhi, wakati kifungua mimba wangu Akai alikuwa tayari darasa la tano. Yeye ndiye aliyekuwa akisahihisha hesabu zangu, kwa kalamu nyekundu na bila huruma ya mtoto kwa mzazi. Mtaniona nataja tarehe mara kwa mara. Ni kwa sababu kalenda niliijua nikiwa nimechelewa, na kitu ulichokipata ukiwa umechelewa hukiachii ovyo.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za mashua. Nilipokuwa nikisoma, yeye ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni kuwafukuza wageni. "Mama Akai yuko na kitabu," aliwaambia, kama mtu anayesema kuna mgonjwa ndani. Alifariki Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kabla ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe nilikuwa nimeshakipakua.

Baada ya maziko, ndugu yake mdogo, shemeji yangu Ekal, mfanyabiashara wa samaki, alinijulisha kwamba nafasi yangu katika boma lake iko tayari. Ndiyo desturi yetu: mjane huchukuliwa na ndugu wa marehemu. Nisimseme vibaya. Ekal hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, sauti kubwa, na meno mazuri aliyoyaonyesha hata alipokuwa hana sababu. Nilimjibu kwamba nina kazi Lodwar.

"Shemeji," akasema, "kibarua si kazi. Kibarua kikiisha utakuja. Mimi nitangoja."

Hapo alikuwa amesema kweli. Nilikuwa kibarua, na mradi wenyewe ulikuwa umeshikiliwa na kitu kimoja. Hadubini yetu nzuri ilikuwa ya kuazimwa kutoka Nairobi. Profesa aliyeisimamia alikuwa ametuma habari kwamba Ijumaa ya mwisho ya Mei atakuja mwenyewe, na siku hiyo aonyeshwe seli moja inayohesabika ya yule panzi wa kijivu wa nyasi fupi za Kakuma, ambaye hakuna aliyekuwa ameshazihesabu kromosomu zake. Tukimwonyesha, hadubini inabaki na mimi naajiriwa kabisa. Tusipomwonyesha, hadubini inarudi Nairobi na mimi narudi Kalokol. Na Kalokol mnajua sasa nani alikuwa akingoja, na meno yake.

Mkubwa wetu wa kituo alikuwa Daktari Barasa, aliyehamishiwa huku kutoka Bungoma. Alikuwa msomi wa kweli, nampa haki yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kuna maneno ambayo mdomo wake haukuweza kuyatamka mbele ya wanawake. Mvua za Aprili ziliponyesha, nyasi zikachomoza na panzi wakaanza kuruka, alinichukua hadi Kakuma kuwaagiza kina mama wa vijiji vilivyo nje ya kambi ya wakimbizi watukamatie panzi. Kiongozi wao alikuwa Nakiru, mama mwenye umri wa kutosha kunizaa, mtafunaji wa tumbaku, mwenye jicho linaloona panzi pale ambapo nyinyi mtaona jiwe.

"Waambie," Daktari akaniambia, "tunataka wale… wale wazuri."

"Wazuri vipi, Daktari?"

"Wazuri tu. Wenye afya. Waliokomaa." Akafuta jasho shingoni. "Wale wanaofaa."

Nikatafsiri kwa Kiturkana, neno kwa neno. Nilikuwa mgeni kazini, na hakuwa ameniambia anachokitafuta ndani yao. Mtu anayelipwa kutafsiri hatafsiri kilichonyamaziwa.

Wiki iliyofuata tulipokea mifuko ya kitambaa iliyotuna. Panzi wakubwa, wanene, wanang'aa. Daktari alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akampasua wa kwanza, na ndani yake mkawa na mayai. Wa pili, mayai. Tukamaliza mfuko mzima: mayai, mayai, mayai. Wote walikuwa majike.

"Ni bahati mbaya," akasema Daktari. Mfuko wa pili ulipokuwa hivyo hivyo, akasema ni majaribu. Wa tatu ulipofika, aliuweka mkasi mezani. Alikwenda kusimama uani chini ya jua la Lodwar bila kofia, jambo ambalo mtu wa Bungoma halifanyi akiwa na akili timamu.

Hapa niwafundishe kitu mtakachokitumia. Huna haja ya kumpasua panzi ili kumjua. Mgeuze, mtazame ncha ya tumbo. Jike ana meno manne madogo magumu, ambayo huchimbia ardhi atage. Dume hana, ncha yake ni laini, imeinuka juu kama pua ya mashua iliyovutwa nchi kavu pale Ferguson's Gulf. Jike ni mkubwa, dume ni mdogo. Ukimwona panzi mdogo amepanda mgongoni mwa mkubwa, usimwite mtoto. Daktari alikuwa ameniambia kuwa ni mama na mtoto wake, na uso wake haukuonyesha mzaha.

Jumanne iliyofuata tulirudi Kakuma. Enzi hizo lami inayoteleza sasa hadi huko Nadapal mpakani ilikuwa bado ni maneno ya wanasiasa, na tulifika tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nakiru alikuwa ameketi na wenzake wakishona nyavu za kukamatia kutokana na vyandarua vikuukuu.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok noi. Mumekuja kusema asante?" Aliuliza kwa Kiswahili, ili Daktari asikie.

"Tumekuja kuuliza, mama. Mbona mnatuletea majike peke yake?"

Nakiru akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anampa mgeni kiti. Kisha akamgeukia Daktari.

"Daktari, wewe uko na bibi?"

"Niko naye, mama. Yuko Bungoma."

"Kwa baba yake ulipeleka nini?"

"Ng'ombe. Na blanketi ya mama mkwe."

"Ng'ombe gani? Dume?"

"Hapana, mitamba."

"Sasa." Nakiru akatema tumbaku pembeni, kwa utaratibu. "Wewe ulisema muzuri. Sisi tukakupea mitamba. Dume tulikuwa tunatupa tu. Ile ndogo ndogo, ati tupatie Daktari? Tuaibike?"

Nikaelewa yote, na nikashangaa kwamba nilihitaji kuelezwa. Kwetu ukimheshimu mtu humpi dume. Dume halizai, halina maziwa. Zawadi ya dume ni ya kumfanya mtu ale siku moja na kukusahau. Kina mama wale walikuwa wakiinama kwenye nyasi tangu asubuhi, wakikamata madume na kuyaachilia, kwa ajili ya heshima yetu. Walikuwa wametuheshimu hadi karibu tupoteze kazi.

"Daktari anataka ile nyingine," nikasema.

"Gani?"

Daktari akavitazama viatu vyake. Nilikuwa nimeshasoma kwenye karatasi zake alichokitafuta, lakini nilimpa muda. Mzee wa kanisa apewe nafasi ya kujiokoa mwenyewe kwanza. Alipoendelea kuvitazama, nikasema kwa sauti iliyowafikia wote kwamba Daktari anataka madume, na anayataka kwa sababu ya korodani.

Kisha mama mmoja upande wa nyuma akauliza, "Za panzi?" na hapo wakaanguka kwa kicheko. Walicheka hadi nyavu zikawatoka mikononi. Nakiru peke yake ndiye aliyejizuia, kwa sababu alikuwa akifikiria.

"Basi ni ya kuchinja," akasema.

"Ni ya kuchinja," nikakubali.

"Si ungesema ni ya kuchinja. Ya kuchinja tunachukua dume, hata leo." Akaanza kuwatuma wenzake kwenye nyasi, kisha akauliza, "Na nyama tunakula lini?"

Daktari, aliyekuwa amefurahi kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamehama kutoka pale yalipokuwa, alisema kwa ukarimu wote wa kwao, "Karibuni Lodwar siku yoyote, mama."

Neno hilo nyinyi mnalitupa kama maganda ya njugu. Huku ni miadi.

Madume yakaanza kufika. Nikajifunza kupasua mgongo wa tumbo kwa mkasi mdogo, kunyofoa kile kishada kwa koleo, na kukitumbukiza mara moja ndani ya dawa: sehemu tatu za spiriti kwa sehemu moja ya asidi ya siki. Msiichanganye dawa hiyo leo mkaitumia kesho. Changanya unapoihitaji. Na kikikaa kwenye joto la Lodwar kinaharibika, kwa hiyo kiweke penye baridi. Friji tulikuwa nayo. Umeme ndio uliokuwa na safari nyingi.

Barafu, basi, niliipata kwenye lori la samaki la shemeji Ekal. Ndiyo, lake. Kila Ijumaa lori lake lilipotoka ziwani na samaki wabichi lilipita Lodwar, na dereva wake aliniteremshia barafu kwenye beseni, pamoja na ujumbe.

"Mathe, barafu hii hapa. Na mzee amesema kuna nyumba amekuezekea."

"Mwambie asante kwa barafu."

Wiki iliyofuata: "Mathe, mzee amesema nyumba imewekwa mlango."

"Mwambie asante kwa barafu."

Slaidi zangu za mwanzo, yaani vile vioo vya kuwekwa chini ya hadubini, zilinuka sangara, na korodani za panzi wa Kakuma zilihifadhiwa na mtu aliyekuwa akingoja kazi hiyo inishinde. Sikuona sababu ya kumweleza.

Lakini kuwa na madume hakukutosha. Unachukua vipande vichache vya kile kishada, unaviweka juu ya kioo, unadondosha rangi, unafunika kwa kioo chembamba, unaweka karatasi ya kunyonya, kisha unabonyeza kwa kidole gumba ili seli zitandazike na kromosomu zilale kila moja mahali pake. Maelezo ndiyo hayo. Nikibonyeza mimi, niliona chini ya hadubini uji mwekundu. Daktari akibonyeza, ulikuwa uji mwekundu wenye nyufa, kwa maana alivunja kioo. Mei ikawa inakatika.

Aliyeniokoa alikuwa Papa Mulamba. Nilimpata ndani ya kambi ya Kakuma, kwenye mkahawa wa Wakongomani, nilikokwenda kula sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, kwa sababu ya huzuni. Nilikuwa nimeitoa slaidi moja mfukoni nikiitazama kwenye mwanga wa mlango. Mzee wa meza ya pili, mtengenezaji wa simu, akanyoosha mkono bila kuomba ruhusa.

"Mama, hii kidole yako inatembeaka."

"Nini?"

"Angaliya hapa. Rangi iko na mukia. Kidole iliteleza. Kidole haipashwe kutembea. Inapashwa kulala." Akanirudishia kioo changu. "Mimi kule kwetu nilikuwa nafanya hii kazi ku chuo kikuu, mbele ya vita. Unatafuta nini, mitoto ya seli?"

"Kromosomu za panzi."

"Ah, panzi. Panzi ni muzuri. Ananenepa kromosomu." Alisema hivyo kama mtu anayemkumbuka rafiki wa ujana.

Akamwita mpishi alete maharage yaliyochemshwa, yale ya mgao. Akaniwekea harage moja katikati ya vioo viwili na kuniamuru nibonyeze. Likatoka lote upande mmoja kama mkia wa kondoo. "Umetembea," akasema. La pili nalo likatoka hivyo. "Umetembea tena, mama. Unaenda wapi? Kambi imefungwa." Akaniwekea kiwiko mezani, akaunyoosha mkono wangu wima, akaniambia nisibonyeze kwa nguvu ya kidole bali kwa uzito wa bega, unaoshuka wenyewe. Tulimaliza bakuli. Watu wa mkahawa walikuwa wamesimama nyuma yetu wakipiga makofi kila harage lilipotoka mviringo, na mpishi akatudai maharage yake, ambayo hakuna aliyeweza kuyala tena.

"Na kitu ingine," Papa Mulamba akaniambia nilipokuwa naondoka. "Kwa dume, utaona zile ziko pawili pawili, zimeshikana. Lakini kuna moja iko peke yake. Haiko na mwenzake. Hiyo inakaaka pembeni. Watu wengi wanaisahauka, wanasema hesabu imeharibika. Usiitafute kati. Tafuta pembeni."

Fanyeni mazoezi na maharage, vijana. Hakuna kompyuta itakayowaambia kwamba kidole chenu kinatembea.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, Profesa akafika. Alikuwa mama mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na kichwa, asiyepoteza neno. Alikataa chai, akaomba hadubini. Nilikuwa na slaidi moja ninayoiamini, niliyoitengeneza Alhamisi kabla ya jua kuwa kali. Nikaiweka.

Wakati huohuo gari letu, lililokuwa limetumwa Kakuma kuleta madume ya mwisho, likaingia uani. Nyuma lilikuwa limebeba Nakiru na wenzake wote, wamevaa shanga zao za sherehe. Walikuja kula nyama. Siku yoyote ilikuwa imefika.

"Mama Akai," Daktari akaninong'oneza dirishani, "hawa wanataka nini?"

"Uliwakaribisha, Daktari."

"Kula panzi?"

"Kula ulichochinja. Usihofu, nimefunga beberu wangu nyuma ya jiko tangu jana." Maana mimi neno lake nililisikia siku ile, na nilijua litarudi.

Kabla hajanijibu, lori la samaki nalo likasimama langoni. Safari hii Ekal alikuwa amekuja mwenyewe. Aliteremsha barafu kwa mikono yake, akasalimia kila mtu, na nikaona kwamba nyuma ya lori, kati ya masanduku ya samaki, pamefagiliwa nafasi tupu.

"Hiyo ni ya sanduku lako, shemeji," akasema kwa upole. "Nimesikia wakubwa wamekuja kufunga kazi. Nikasema usihangaike na usafiri."

Nilirudi ndani nikasimama nyuma ya Profesa.

Alikuwa anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Alizungusha kitasa cha hadubini, akarudi, akahesabu tena. Daktari Barasa alikuwa amefumba macho, na sote tulijua alikuwa amekwenda wapi.

"Ni seli nzuri," Profesa akasema hatimaye. "Naona jozi kumi na moja, safi. Lakini hili ni dume. Ile ya peke yake iko wapi?"

Akaisogeza slaidi kidogo kulia, kisha akaendelea:

"Kama ilisukumwa nje ya seli wakati wa kubonyeza, hii haihesabiki. Siwezi kuipokea."

Nje kina mama walikuwa wameanza kuimba. Niliisikia sauti ya Ekal ikiwauliza wimbo huo ni wa nini.

"Profesa," nikasema, "sogeza kulia."

"Nimesogeza."

"Sogeza tena. Hiyo haikai na wenzake."

Akageuka akanitazama mara moja, kisha akarudisha jicho. Kitasa kikazunguka kidogo, kikazunguka tena.

"Mh," akasema Profesa. "Hii hapa. Ukingoni kabisa, lakini ndani ya seli." Akainua kichwa. "Ulijuaje kwamba haikutoka nje?"

"Kidole changu hakitembei, Profesa."

Alikagua seli nyingine za slaidi ile, moja baada ya nyingine, na zote zikampa hesabu ileile. Kisha akasema hadubini inabaki Lodwar, na akamwambia Daktari aandae ajira yangu ya kudumu wiki hiyohiyo, si baadaye. Na ile chai aliyoikataa akaomba iletwe sasa, yenye sukari nyingi. Daktari alifumbua macho akasema amina, peke yake.

Tulikula uani. Nakiru aliketi karibu na mimi na mbavu mkononi, akataka kujua yule mama mfupi alikuwa anatafuta nini kwenye chupa ile ndefu muda wote ule. Nilikuwa nimemruhusu achungulie. Alikuwa ameona kope zake mwenyewe akazisifu. Nikamweleza kwa Kiturkana, na kwa kuwa Ekal alikuwa ameketi mbele yetu, nilisema polepole. Nikamwambia kwamba ndani ya kila seli ya mwili wa panzi jike kuna vijiti ishirini na vinne, vimetimia viwili viwili. Dume ana ishirini na vitatu. Kimoja chake hakina mwenza, na hicho kimoja amepewa na mama yake.

Nakiru aliacha kutafuna.

"Dume amepungukiwa?"

"Kijiti kimoja."

"Dume wote?"

"Wote tuliowapasua."

Akawageukia wenzake akawatangazia, na uani kukawa na kicheko ambacho Profesa alisimama mlangoni na kikombe chake kukitazama. Nakiru akaniinamia. "Sasa wewe, mama wa kusoma. Tulikuletea waliotimia ukakataa. Ukaomba pungufu." Kisha akamnyooshea Ekal ule mfupa wa ubavu. "Na huyu amekuja na lori kukuchukua umpelekee nini? Kile kijiti?"

Ekal alicheka pamoja na wengine, maana alikuwa mtu wa watu. Lakini alicheka akiwa amefunga mdomo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kukosa kuyaona meno yake. Alipomaliza kula alinawa, akaniaga kwa heshima, akapanga masanduku ya samaki kwenye ile nafasi tupu, akaondoka.

Kama mlisoma vizuri mtasema kwamba binadamu si panzi, kwamba mwanamume naye ana kijiti cha kukaa na kile cha mama yake, ingawa ni kifupi mno. Ni kweli. Sikumwambia Ekal hivyo. Hakuniuliza.

Ijumaa iliyofuata lori lilisimama kama kawaida. Dereva akaniteremshia barafu kwenye beseni.

"Kuna ujumbe?" nikauliza.

"Hakuna, mathe." Akakuna kichwa. "Amesema tu nikuulize kama ile maneno ni ya ukweli."

Nikamjibu amwambie aje ahesabu mwenyewe, hadubini ipo. Hakuja. Barafu haikukosa kuja hata Ijumaa moja.